Siku Tatu Katika Mahema ya Serengeti



Bibi mmoja wa jumuiya yetu hapa Kamanga aliniuliza maswali ambayo hadi leo sijapata majibu yake yote. Nilikuwa nimemsimulia kwamba mwezi Juni 2024 nililala siku tatu katika hema huko Serengeti, nikiwa na wageni wangu wawili kutoka Ujerumani. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Baba, hao wageni kwao wana nyumba?" Nikamjibu kwamba wanayo, tena nzuri. "Na wamelipa ili walale nje?" Ndiyo, wamelipa. "Kiasi gani?" Nikamtajia. Akanitazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama padri aliyeuziwa mbuzi mgonjwa mnadani.

Leo basi niwaeleze nilichokiona huko, kwa maana wengi mmeniuliza, na pia kwa sababu safari ile ilinikutanisha na kijana wetu mmoja ambaye ameniruhusu niandike habari zake bila kumtaja jina.

Wageni wangu ni mwalimu mstaafu na mkewe, watu wa makamo yaliyokwisha kupita, ambao nimefahamiana nao kwa miaka mingi. Walitaka kuiona Serengeti mara moja kabla ya kufa. Ndivyo walivyosema wenyewe, bila huzuni. Wakaniomba niandamane nao kama mgeni wao. Nami, niliyezaliwa na kukulia kandokando ya ziwa hili, nilikuwa sijawahi kuingia katika hifadhi ile kama mtalii. Nilipokuwa padri kijana nilihudumu kwa muda upande wa Lamadi, mahali ambapo lango la Ndabaka linaonekana kutoka barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Nimelipita lango hilo mara zisizohesabika nikiwa juu ya pikipiki, nikienda kuzika na kubatiza, bila kuligeukia.

Jumapili iliyotangulia safari, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alinisubiri nje ya sakristia. Alikuwa amesikia kwamba naelekea Serengeti. Mwanawe anafanya kazi huko, katika kambi ya mahema, na kwa wiki mbili simu yake ilikuwa haipatikani. "Mwambie baba yake ameanguka," akasema. Mumewe, mvuvi wa dagaa, alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono wa kulia na mdomo vilikuwa vimelegea. "Mwambie aje." Akanikabidhi mfuko wa dagaa wakavu, kilo mbili hivi, nimpelekee. Nilijaribu kumweleza kwamba Serengeti ina kilomita za mraba zaidi ya 14,000 na makambi mengi, na kwamba huenda nisimwone kijana. Akanitajia jina la kambi. Ilikuwa ile ile waliyoipanga wageni wangu.

Tulivuka asubuhi ya Jumatatu kwa kivuko hadi mjini, ule mwamba wa Bismarck ukiwa umekaa majini kando ya njia yetu kama kawaida yake. Upande wa pili gari la kampuni lilikuwa linatungojea: gari refu la kijani, paa linalonyanyuka, viti kama vya ndege. Dereva, ambaye ndiye pia mwongozaji, alikuwa mtu wa Mara, mpole na mcheshi. Tulipofika Kisesa akanusa hewa mara mbili, akageuka kunitazama, akacheka. Alikuwa ameutambua mfuko wangu chini ya kiti. Wageni hawakusema neno. Nadhani walidhani kwamba hiyo ndiyo harufu ya Afrika waliyoisoma vitabuni.

Kutoka Mwanza hadi Ndabaka ni mwendo wa kilomita mia moja na arobaini hivi, lami tupu, ukipita Magu na Lamadi. Ndipo unapoingia katika ukanda wa magharibi wa hifadhi, ule mkono mrefu wa Serengeti unaonyoshwa kuelekea ziwani kati ya mito Grumeti na Mbalageti. Udongo wake ni mweusi, wa mbuga, ule unaonasa magari masika na kupasuka kiangazi. Kwenye miti wametundika vitambaa vya buluu na nyeusi vya kuwanasa mbung'o, kwa kuwa wadudu hao hupenda rangi hizo. Suruali yangu nyeusi iliwafurahisha sana. Niliumwa mara nyingi kuliko Wajerumani wote wawili kwa jumla, nao walikuwa wamevaa rangi ya udongo kuanzia kofia hadi soksi.

Kambi yenyewe ilikuwa na mahema kumi, yamepangwa mbalimbali kwenye ukingo wa kichaka, kila moja likitazama uwanda na kulipa kisogo jirani yake. Hakuna ua. Kambi za namna hii huhamahama: miezi ya mwanzo wa mwaka huwa kusini, nyumbu wanakozalia, Mei na Juni huwa huku magharibi, kuanzia Julai huenda kaskazini karibu na mto Mara. Kila kitu hukunjwa, hupakiwa kwenye malori na kusimikwa upya, na panapoachwa hapaonekani kitu ila nyasi zilizolala. Lakini msidhani ni mahema ya sensa au ya askari. Ndani mna kitanda cha mbao chenye shuka nyeupe, zulia, meza ya kuandikia, taa za sola, choo cha kuvuta maji na bafu. Huko nje simba ananguruma, na humu ndani kuna mtu amekunja ncha ya karatasi ya chooni ikawa pembetatu.

Bafu ndilo lililonishangaza. Ni ndoo kubwa ya turubai iliyoninginizwa kwa kamba na kapi nyuma ya hema. Mgeni anasema saa anayotaka kuoga. Saa hiyo mhudumu huja na maji ya moto kutoka jikoni, lita ishirini hivi, huyamimina katika ndoo, huivuta juu, kisha huuliza kwa sauti kutoka nje ya turubai kama uko tayari. Unafungua bomba na maji yanakushukia. Humwoni aliyeyaleta, unasikia sauti yake tu, na mchanga ukilia chini ya viatu vyake.

Tulipowasili, wafanyakazi walikuwa wamejipanga mstari kutulaki, wameshika taulo baridi zenye manukato na bilauri za juisi. Wakaimba. Wa nne katika mstari alikuwa yule kijana. Aliniona, tabasamu lake halikubadilika hata kidogo, likabaki sawa na la wenzake. Nilimfundisha Kipaimara kijana huyu, na namfahamu kuwa ni mtu wa kucheka kwa kelele. Akachukua begi langu. Nilitaka kulibeba mwenyewe, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, niachie. Ni kazi yangu."

Ndani ya hema nikamwambia. Nilimwambia kwa Kisukuma, maneno machache, kama mama yake alivyonituma, kisha nikampa mfuko. Alikuwa ameshika zipu ya mlango. Akasimama hivyo kwa muda ambao mimi niliuona mrefu. Kisha akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya mstarini: "Asante Baba kwa kunifikishia. Maji ya kuoga niyalete saa ngapi?"

Nikamwambia asiyalete, mimi naweza kuoga kwa maji ya birika. "Nisipoleta wataniuliza kwa nini," akajibu. Basi nikasema saa kumi na mbili, na saa kumi na mbili nikaisikia ndoo ikipanda na sauti ikiniuliza kama niko tayari.

Nilioga, wapendwa, na maji yalikuwa mazuri. Lakini nilikuwa nikifikiri juu ya mambo ya zamani, maana mambo haya si mapya katika nchi yetu. Hema la mgeni limepita hapa muda mrefu kabla ya utalii. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa hili kwa mara ya kwanza, huku kwetu kusini, naye hakubeba hema lake mwenyewe. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipiga kambi Kageye, upande wa Magu, na kutoka hapo akalizunguka ziwa kwa mashua iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani, juu ya mabega ya watu. Mwishoni mwa 1878 wamisionari wetu wa kwanza, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walifika Kageye hiyo hiyo baada ya kumzika mmoja wao njiani. Miaka mitano baadaye wakaanzisha misheni ya Bukumbi ambayo wengi wenu mnaifahamu. Divai ya Misa, vitabu, mahema, hata altare ya safarini: vyote vilifika kwa miguu ya wapagazi. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, kila mmoja akiwa na mzigo wa kilo thelathini hivi kichwani au begani.

Na anasa nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo. Theodore Roosevelt, alipomaliza urais wa Marekani, alifika Mombasa mwaka 1909 na kuwinda nchini Kenya na Uganda hadi mwaka uliofuata. Msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya mia mbili. Bendera ya nchi yake ilipepea mbele ya hema lake. Alibebewa tani nne za chumvi kwa ajili ya ngozi za wanyama, na maktaba ndogo ya vitabu vipatavyo sitini. Msafara huo ndio uliowafundisha matajiri wa dunia kwamba inawezekana kulala porini bila kukosa kitu. Neno safari, ambalo kwetu ni mwendo wowote, hata wa kwenda gulioni Sengerema, likawa katika lugha zao jina la starehe hiyo.

Siwadharau wageni. Niseme waziwazi kwamba siku zile tatu zilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Mwongozaji wetu alikuwa mwalimu wa kweli. Aliweza kusimamisha gari mahali ambapo mimi niliona nyasi tu, akaonyesha kwa kidevu, na baada ya dakika nzima nyasi zikageuka kuwa sikio la simba. Alitupeleka Kirawira, kwenye mto Grumeti, ambapo mbega weusi kwa weupe huruka katika miti ya kando ya maji na mamba wanene hulala kama magogo. Alitueleza kwamba mamba wale wanaweza kukaa miezi bila chakula kikubwa, wakingojea msimu mmoja tu wa nyumbu. Na nyumbu walikuwapo. Sijui niwaelezeje. Mamia ya maelfu ya wanyama wanaokoroma, vumbi juu yao, pundamilia katikati yao, na mstari usiokuwa na mwanzo. Yule mwalimu mstaafu alivua kofia. Nami nilivua yangu.

Jioni ya pili, mbele ya moto, alinieleza kwa nini. Akiwa mtoto alipelekwa na baba yake kutazama filamu ya Bernhard Grzimek, yule daktari wa mifugo aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Jina lake lilikuwa na maana kwamba Serengeti haipaswi kufa. Filamu ilitoka mwaka 1959 na ikapata tuzo ya Oscar. Grzimek na mwanawe Michael walikuwa wakiwahesabu wanyama kutoka katika ndege ndogo waliyoipaka mistari ya pundamilia. Januari ya mwaka huo huo ndege iligongana na tai, na Michael akafa akiwa na umri wa miaka 24. Amezikwa juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, yuko kando yake. Mwalimu alisimulia hayo kana kwamba anasimulia habari za ukoo wake. Kwake yeye Serengeti ni mahali ambapo mzazi alimpoteza mtoto kwa ajili ya wanyama wa watu wengine.

Nilimsikiliza kwa heshima. Kisha nikamsimulia upande ambao filamu haikuukazia. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1951, na katika mwaka ule ule wa 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi ndani yake waliondolewa na kupelekwa Ngorongoro. Huku magharibi Waikoma, Wanata na Waikizu, ambao mababu zao waliwinda nyumbu msimu kama huo tangu enzi, walijikuta ng'ambo ya mpaka. Nikamweleza kwamba nilipokuwa upande wa Lamadi niliwatembelea gerezani watu waliokamatwa na nyama ya nyumbu na waya za kutegea. Mnyama ni yule yule: mgeni hulipa ili amwone, na jirani hufungwa kwa kumla. Na bado, nikaongeza, bila sheria hiyo sidhani kama tungekuwa na nyumbu wa kututoa machozi mchana ule. Nimezijua waya hizo. Mnyama hufa ndani yake kwa siku mbili. Mwalimu akanyamaza, akachokoza moto. Tuliliacha hapo, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekuwa na la kuongeza lenye faida.

Ni baada ya moto huo ndipo nilipoomba askari mwenye tochi anisindikize nyuma ya jiko. Usiku mgeni haruhusiwi kutembea peke yake, kwa sababu ya nyati na simba. Nyuma ya jiko, ng'ambo ya kichaka kilichopandwa na Mungu mahali panapofaa sana, kuna mahema ya wafanyakazi: madogo, yamebanana, hayatazami uwanda wowote. Huko kulikuwa na kelele, na Kisukuma, na Kikurya, na redio. Walikuwa wanakula ugali kwa dagaa. Wakanikaribisha, wakaninawisha, nikala nao, ingawa mezani kwa wageni nilikuwa nimekwisha kupewa vyakula vya awamu nne na kisu cha kila kimoja. Dagaa wale walikuwa watamu mno.

Kijana alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, na hapo ndipo nilipomwona tena kama ninavyomfahamu. Alikuwa anapiga hesabu. Msimu ulikuwa umepamba moto, mahema yote yamejaa. Bakshishi, ambayo wao huiita tipu, hukusanywa katika sanduku moja na kugawanywa mwisho wa mwezi, na asiyekuwapo siku zaidi ya nne hapati fungu. Fungu hilo la Juni lilikuwa kubwa kuliko mshahara wake. Mdogo wake alikuwa kidato cha tatu, bweni. Mwingine alikuwa anajifunza uchomeleaji. Bei ambayo mgeni mmoja hulipia usiku mmoja katika hema ilipita mshahara wake wa miezi mitatu, lakini hilo hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mvuvi anavyotaja kina cha maji. Na simu? Mtandao hupatikana juu ya kilima kimoja, nao hupelekwa huko kwa gari siku ya mapumziko. Kwa wiki mbili hapakuwa na siku ya mapumziko.

"Baba, wewe unasemaje?" akaniuliza, na wenzake wote wakaacha kula.

Mara nyingi padri huulizwa hivyo, na mara nyingi anayeuliza amekwisha kuamua. Nikamwambia kwamba mama yake hakusema "atume fedha". Alisema "aje". Sikuongeza neno. Mpishi, mzee wa Bunda, akasema kwamba fedha za Juni zitakuja Juni nyingine. Mwingine akabisha kwamba baba aliyeanguka anahitaji dawa, na dawa ni fedha. Walibishana kwa muda mrefu, kwa haki na kwa upendo. Sijasikia mabaraza mengi ya wazee yaliyoamua kesi kwa uangalifu namna ile. Asubuhi kijana alikwenda kwa meneja, akapewa ruhusa ya siku saba bila fungu la sanduku. Meneja alimpa mkono na pole, na kanuni ikabaki kanuni.

Basi Alhamisi tulitoka wanne na dereva. Tulimkuta kijana langoni mwa kambi akiwa amevaa fulana ya kijani na jinzi, na begi dogo mgongoni, akaingia kiti cha nyuma. Tulipokuwa tumesafiri kama nusu saa, yule mama wa Kijerumani akaniinamia na kuniuliza polepole kwa lugha yake huyu kijana ni nani. Je, ni ndugu yangu kutoka kijiji cha karibu? Nikamwambia kwamba ndiye aliyemletea kahawa hemani asubuhi tatu, na maji ya kuoga jioni tatu. Akageuka kumtazama. Kisha akatazama nje ya dirisha hadi tulipolikaribia lango. Mama huyu ni mtu mwema, niwahakikishie. Nimemwona akikesha na mgonjwa asiyemfahamu. Katika daftari lake dogo alikuwa ameandika ndege wote aliowaona tangu Ndabaka, aina zaidi ya tisini, kila mmoja kwa jina lake la Kijerumani na la Kilatini. Tulipofika Lamadi na kusimama kunywa soda, alimwomba kijana amtajie jina lake, herufi kwa herufi, akaliandika katika daftari lile lile.

Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 23, Waisraeli wanaagizwa wakae vibandani siku saba kila mwaka, ili vizazi vyao vikumbuke walikotolewa. Na Mtume Paulo, kama mjuavyo, alikuwa fundi wa kushona mahema. Nimewahi kujiuliza wateja wake walikuwa akina nani, na kama waliwahi kumwuliza jina.

Kijana alifika nyumbani jioni ile. Baba yake alimtambua, akalia kwa upande mmoja wa uso. Kesho yake walimpeleka hospitali ya Sengerema; na siku zilizobaki kijana aliezeka upya jiko la mama yake, akamnyoa baba ndevu kila asubuhi, na akampigia hesabu za mtumbwi na wadaiwa wake wote. Siku ya saba alirudi kazini. Mzee alifariki mwezi Septemba. Wakati huo kambi ilikuwa imehamia kaskazini karibu na mto Mara, na habari zilimfikia mwanawe zikiwa zimechelewa. Alipoingia Kamanga tulikuwa tumezika jana yake. Akakaa kaburini hadi giza lilipoingia, na ziwani taa za wavuvi wa dagaa zikawaka moja moja kama desturi.

Bado anafanya kazi huko. Hivi sasa anajifunza uongozaji wa watalii, akijilipia mwenyewe, na ameniambia kwamba ndege ndio wanaomsumbua zaidi katika masomo. Nilimwandikia yule mama Ujerumani kuhusu hilo, naye akatuma kitabu chenye picha za ndege wote wa Afrika Mashariki, kizito kama misale ya altareni.

Kuna wanaonilaumu kwamba nimesifu mno starehe ya matajiri, na kuna vijana wanaosema makambi yale yafungwe. Sikubaliani na vijana hao, maana nimekula nao wale watu nyuma ya jiko na ninajua fedha zile zinalipia nini hapa kwetu. Lakini wale wanaosema kwamba pori lile ni la wageni tu, hao nawaambia wamekosea hesabu. Mgeni wa nje hutozwa kiingilio cha makumi ya dola kwa siku. Sisi raia hulipa shilingi 10,000 na kodi juu yake. Ni chini ya gharama ya sare moja ya kitenge cha harusi, na sare hizo tunazinunua kila mwezi bila kulalamika.

Kwa hiyo VIWAWA wameanza kuandaa ziara ya siku moja kwenda Ndabaka mwezi Juni ujao, nyumbu wakiwa magharibi. Basi litatungojea upande wa mjini. Tutavuka kwa kivuko cha kwanza na kurudi usiku. Kila mtu abebe chakula chake na maji, na mavazi yasiwe meusi wala ya buluu, kwa sababu niliyoieleza hapo juu. Majina yaandikishwe kwa katibu wa vijana baada ya Misa zote mbili.

WAWATA nao wameomba nafasi kumi na mbili. Mojawapo ni ya yule mama. Hajawahi kufika mahali mwanawe anapofanya kazi, na simba hawamshughulishi. Ameomba aonyeshwe hema moja kwa ndani, na hiyo ndoo ya maji. Nimemwandikia meneja wa kambi kumwuliza kama inawezekana. Jibu lake bado halijafika.

Paroko wenu,
Kamanga